Viti vipya, ndege zilezile: kisa cha shirika lililokarabati kabini huku likichagua ndege za kununua

Usuli

Kisa hiki kilianza mwishoni mwa 2021 katika shirika la ndege la ukubwa wa kati. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya kabini kutoka upande wa uhandisi, kwa hiyo mengi ya haya niliyashuhudia, na baadhi ya makosa nitakayoyaeleza yana saini yangu. Jina la shirika, nchi na njia zake nimeviondoa. Idadi nimezibadilisha kidogo bila kuvuruga uwiano wake.

Shirika lilikuwa na ndege 18 za korido moja. Kumi zilikuwa mali yake na nane za kukodi. Zote zilitoka kwa mtengenezaji mmoja, nitakayemwita A, na mshindani wake nitamwita B. Anayejua biashara hii anajua kwamba ndege kubwa za korido moja zina wauzaji wawili wakuu duniani, Airbus kwa familia yake ya A320 na Boeing kwa 737. Nani ni A na nani ni B sitasema, maana kungelitambulisha shirika mara moja.

Viti vilikuwa na umri wa ndege zenyewe, zaidi ya miaka kumi. Mito ilikuwa imebonyea mpaka abiria akiisikia fremu mapajani. Meza za kukunja zilikuwa zimelegea, ukiweka kikombe kinateleza kuelekea tumboni. Ndege zilikuwa salama na injini zilikuwa nzima, ila abiria haoni injini. Anaona plasta ya gundi kwenye kiegemeo cha mkono, kisha anajiuliza kama bawa nalo limefungwa hivyohivyo.

Menejimenti ikaamua mambo mawili kwa wakati mmoja: kukarabati kabini za ndege zilizopo, na kuagiza ndege mpya zitakazochukua nafasi ya zile nane za kukodi mikataba yake itakapoisha 2024.

Kamati mbili zisizokutana

Kabini ilipewa idara ya biashara, sisi wahandisi tukiwa washauri. Ndege mpya zilipewa idara ya fedha. Kila kamati ilikuwa na mwenyekiti wake, bajeti yake na ratiba yake. Kwa miezi mitano ya mwanzo kamati hizi hazikukaa meza moja hata mara moja. Nikiitazama kalenda ile sasa, naona hapo ndipo kisa chote kilipoamuliwa.

Sababu ya kuzitenganisha ilionekana ya busara. Ukarabati wa kabini ni jambo la mwaka mmoja au miwili, ununuzi wa ndege ni jambo la miaka ishirini. Tuliona kuwa kuyafunga pamoja kungelichelewesha lile la haraka.

Siku ya viti kwenye hanga

Kitu kimoja tulichokifanya vizuri ni kutonunua kiti kwa picha. Tuliomba wauzaji watatu watuletee safu mbilimbili, tukazifunga kwenye jukwaa ndani ya hanga, yaani banda la kutengenezea ndege, kwa umbali uleule ambao zingefungwa kwenye ndege. Kisha tukawaita watu wakae saa mbili na nusu bila kunyanyuka: marubani, wahudumu, mafundi, makarani, na wafanyakazi watano wa usafi.

Wakurugenzi walikuwa wameshakipenda kiti cha pili, chembamba, chenye mshono mzuri. Mama mmoja wa usafi hakukaa kabisa. Alipiga magoti kwenye korido akapitisha mkono kati ya mto na mgongo wa kiti, akaunyanyua akatuonyesha. Mkono uliishia kwenye kifundo.

"Makombo yataingia hapa," alisema, "na mimi sitayafikia. Nina dakika chache kabla abiria wengine hawajapanda. Baada ya mwezi mmoja kiti hiki kitanuka."

Akahamia kiti cha tatu, akavuta utepe nyuma ya mto, mto ukatoka mzima mkononi mwake. Mjadala wa kiti uliisha hapo. Fundi mmoja akaongeza kwamba meza ya kiti hicho cha tatu hufunguliwa kwa skrubu nne na hubadilishwa bila kuondoa mgongo. Maana yake ni kwamba meza iliyovunjika jioni inaweza kuwa imepona kabla ya safari ya alfajiri.

Tulikuwa na masharti mawili mengine. La kwanza ni la usalama. Tulitaka kiti kilichopita majaribio ya mtikisiko ya g 16 kwenda mbele na g 14 kwenda chini (g moja ni nguvu ya kawaida ya mvutano wa dunia), ambayo kanuni za Marekani zimeyalazimisha kwa ndege za abiria zilizotengenezwa tangu Oktoba 27, 2009. Baadhi ya ndege zetu zilitengenezwa kabla ya hapo na kisheria tungeweza kukwepa. Tulikataa kukwepa. Kiti hufungwa kwenye mtambo pamoja na sanamu la mtu, kikarushwa, na kipimo cha pigo la kichwani hakitakiwi kuvuka 1,000. Kama teknolojia hiyo ipo, sioni hoja ya kumkalisha abiria kwenye kiti kisichoweza kuupita mtihani huo.

Sharti la pili lilitoka kwa mhandisi kijana aliyesimamia stoo ya vipuri: kiti kiwe kile ambacho A na B wote wawili hukikubali kwenye ndege zao mpya. Hatukujua bado kamati ya fedha ingemwangukia nani. Kwa sharti hilo tulinunua uhuru wa kutojua.

Kuchora safu ya ziada

Hapa ndipo idara ya biashara na sisi tulipogongana. Kabini ilikuwa na viti 12 vya daraja la biashara na 150 vya kawaida, yaani safu 25 za sita sita. Kiti kipya kilikuwa na mgongo mwembamba, kwa hiyo ukipunguza nafasi kati ya safu na safu kutoka inchi 32 hadi chini kidogo ya 31, safu ya 26 inaingia na goti la abiria linabaki na nafasi karibu ileile. Jumla inakuwa viti 168 badala ya 162. Wahudumu hawaongezeki, kwa sababu kanuni hudai mhudumu mmoja kwa kila viti 50 au sehemu yake, na kati ya viti 151 na 200 ni wanne walewale. Kwa mwenye kuuza tiketi, hii ni pesa iliyolala sakafuni.

Mchoro wao ulikuwa sahihi kwenye sakafu. Reli za sakafuni zinaruhusu kiti kusogezwa inchi kwa inchi. Tatizo lilikuwa juu. Kila safu ina kisanduku chake darini chenye taa, kipaza sauti na barakoa za oksijeni. Safu zikisogea, visanduku navyo lazima visogee, ili barakoa ikishuka iangukie mbele ya uso wa mtu na isiangukie kisogoni mwa aliye mbele yake. Isitoshe, kanuni hudai barakoa zizidi idadi ya viti kwa angalau asilimia 10, zikiwa zimesambazwa vizuri kabini nzima, kwa sababu kuna mtoto aliyepakatwa na kuna mhudumu atakayekutwa katikati ya korido. Viti sita vya ziada si viti sita tu.

Milango ya dharura juu ya mabawa nayo haisogei, wala njia ya kuifikia haipunguzwi. Mpangilio wote wa kabini unasimama juu ya kanuni moja: ndege ikijaa, watu wote watoke ndani ya sekunde 90 kwa nusu ya milango, gizani. Ukikumbuka hilo, unaacha kuiona safu ya mlangoni kama mahali pa kubania inchi.

Tulikubaliana kuongeza safu, na visanduku visogezwe. Kazi ikapangwa ifanyike ndege ikiwa kwenye ukaguzi mkubwa, ule wa herufi C, ambapo viti hutolewa kwa vyovyote vile. Ndege ya kwanza tuliipangia siku 12 za kazi ya kabini, ikachukua 19. Karibu siku zote za ziada zililiwa na dari: nyaya fupi, mabano yasiyolingana, na makaratasi ya mamlaka ya usafiri wa anga kwa ajili ya cheti cha nyongeza cha mabadiliko hayo. Ndege ya nne na kuendelea zilirudi kwenye siku 12.

Jambo moja hatukuliona mpaka abiria walipotulalamikia. Madirisha hayasogei. Baada ya mpangilio mpya, viti viwili vya pembeni vilitazamana na ukuta mtupu, na mfumo wa kuuza tiketi uliendelea kuvitoza ada ya dirisha kwa wiki saba. Abiria mmoja alituma picha ya ukuta na risiti yake. Tulimrudishia pesa, pamoja na wote waliokuwa wamelipia viti hivyo, na ilikuwa haki yao.

A au B

Nusu ya pili ya 2022 kamati ya fedha ilileta hoja zake. Bei za ofa zilikaribiana mno, na hilo lilikuwa jambo jema, kwa sababu lilitulazimisha kujadili mengine.

Kwa ajili ya B palikuwa na hoja ya ushindani (mteja asiyeweza kuondoka hapewi punguzo) na hoja ya kutotegemea mtu mmoja. Kwa ajili ya A palikuwa na hoja ya watu. Rubani wa Boeing 737 haamki asubuhi akarusha A320, wala kinyume chake. Anahitaji mafunzo ya aina mpya, siku za simuleta, kisha safari chini ya mwalimu, na muda wote huo hayumo kwenye ratiba. Fundi naye leseni yake imeandikwa aina ya ndege. Stoo inakuwa mbili, matairi ya aina mbili, vifaa vya hanga vya aina mbili. Shirika lenye ndege 100 hulimeza hilo. Lenye ndege 18 hulisikia kila siku.

Idara ya biashara ilileta hoja ya upana. Kabini ya A320 ina takriban mita 3.70, ya 737 takriban mita 3.54. Sentimita 16 ukizigawa kwa viti sita na korido, kila sehemu inapata zaidi kidogo ya sentimita mbili. Baadhi ya wajumbe walilicheka jambo hilo. Mimi naona lilistahili muda zaidi, kwa sababu bega la jirani kwa saa nne ni jambo ambalo hakuna kitambaa kinachoweza kulifidia.

Hoja ya mizigo ilipita haraka: A320 inaweza kupakiwa kontena ndogo tumboni, 737 hupakiwa begi kwa begi. Kwa njia zetu haikuwa na uzito.

Ya injini ilikaa siku nzima. 737 MAX, toleo jipya la 737, huja na injini ya LEAP ya kampuni ya CFM peke yake, wakati mnunuzi wa A320neo, toleo jipya la A320, huchagua kati ya LEAP na injini ya Pratt & Whitney. Uchaguzi ni nguvu, lakini pia ni uamuzi mwingine unaoweza kukosewa.

Bodi ikachagua A. Sababu iliyoandikwa ni gharama ya mpito, na naamini ilikuwa sababu ya kweli na ya haki. Ndege nane, za kwanza kufika mapema 2024, zikiwa na viti vilevile tulivyovichagua hangani.

Ndege nane zilizoachwa

Kamati ya kabini ilipopata tarehe hiyo ilifanya hesabu rahisi. Ndege nane za kukodi zingeondoka 2024. Mkodishaji hatakubali mpangilio wa kabini ubadilishwe bila kibali chake, na wakati wa kurudisha atadai ndege iwe kama alivyoitoa. Kwa nini tutumie pesa kwenye ndege zinazoondoka? Tukaziondoa kwenye mradi. Azimio lilipita bila kupingwa, nami ndiye niliyeliandika.

Ndege kumi zilikamilika mwishoni mwa 2023, na zilipendeza. Kila kiti kilipungua takriban kilo 3, kwa hiyo hata baada ya safu ya ziada ndege ilipopimwa upya ilikuwa nyepesi kuliko mwanzo.

Kisha barua ya kwanza ikaja: ndege mpya zitachelewa miezi sita. Baadaye ya pili, na ya tatu. Kwa jumla zilichelewa karibu mwaka mmoja na nusu.

Tukawa tunauza bidhaa mbili kwa bei moja. Abiria aliyeenda kwa kiti kipya alirudi kwa mto uliobonyea, na malalamiko juu ya ndege zile nane yakazidi yale ya kabla ya mradi, ingawa hazikuwa zimeharibika zaidi. Tulikuwa tumewapa watu kitu cha kulinganishia. Mikataba ya kukodi ikabidi iongezwe, na tuliijadili tukiwa hatuna pa kwenda.

Idara ya biashara ikaamua kuzinusuru haraka kwa kubadilisha vitambaa tu. Wakaagiza vifuniko kwa fundi mzuri wa viti, na vilipofika vilikuwa vya kuvutia kweli. Mhandisi wa kabini akauliza cheti cha moto. Kilikuwepo, cha kitambaa peke yake. Lakini mto wa kiti cha ndege hupimwa mzima, kifuniko pamoja na sponji yake, chini ya mwali wa mafuta kwa dakika mbili, na hautakiwi kupoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Kitambaa kizuri juu ya sponji nyingine ni mto mwingine, usiopimwa. Akakataa kusaini, akiwa mdogo kuliko wote mle chumbani. Vifuniko vya ndege mbili vikaingia stoo, na majaribio ya mto mzima yakachukua miezi mitatu.

Matokeo

Ndege nane hatimaye zilipata mito mipya, vifuniko vilivyopimwa, meza mpya na mazulia, bila kugusa mpangilio. Mkodishaji hakuleta shida, kwa sababu kubadilisha kifaa kwa cha namna ileile huhesabiwa kuwa matengenezo. Malalamiko yalishuka ndani ya msimu mmoja. Kazi hiyo ingegharimu sehemu ndogo tu ya ukarabati kamili, na ingeweza kufanyika tangu 2022.

Ndege mpya ya kwanza ilifika 2025. Ilichelewa wiki tano zaidi kwa kosa letu: tulibadilisha rangi ya vifuniko baada ya muuzaji wa viti kufunga maagizo.

Uchambuzi

Kuchelewa kwa A hakukuwa ajabu, na naamini kumchagua B kusingetuokoa. Tazama yaliyotokea hadharani. Boeing 737 MAX zilizuiwa kuruka tangu Machi 2019, baada ya ajali mbili zilizoua watu 346, na Marekani iliziruhusu tena Novemba 2020. Januari 5, 2024 kipande cha ukuta kilichoziba nafasi ya mlango kilichomoka angani kwenye 737 MAX 9, na mamlaka ya anga ya Marekani ikazuia uzalishaji usivuke ndege 38 kwa mwezi. Upande wa Airbus, Julai 2023 ilitangazwa kwamba unga wa metali uliotumika kwenye baadhi ya vipande vya injini za Pratt & Whitney ulikuwa na dosari, na mamia ya A320neo zikakaa chini kusubiri ukaguzi. Juni 2024 Airbus yenyewe ilipunguza lengo la mwaka kutoka ndege 800 hadi 770 hivi, na kati ya sababu ilizotaja ni vifaa vya kabini.

Hilo la mwisho nalirudia kila ninapofundisha kisa hiki. Kiti na choo huweza kuizuia ndege iliyokamilika isitoke kiwandani. Nasi tulikuwa tumeigawa kazi kana kwamba kabini ni upakaji rangi, na ndege ni jambo la watu wakubwa.

Uamuzi wa kumchagua A ninautetea mpaka leo. Kosa lilikuwa kwenye tarehe. Kamati ya fedha iliipata kama makadirio, yenye nukta na masharti kwenye kurasa za mkataba. Ilipovuka ukumbi kuja kwetu ikawa hakika, tukajenga juu yake uamuzi wa ndege nane. Hakuna aliyedanganya. Karatasi ya ukurasa mmoja tuliyoletewa haikuwa na nafasi ya neno "huenda". Na mimi katibu sikuuliza swali ambalo fundi yeyote wa hanga angeuliza: zikichelewa, hizi nane zitakuwa katika hali gani? Tungeuliza, njia ya katikati ingeonekana siku ileile: mito, meza na mazulia, kwa miaka miwili, bila kibali cha mtu.

Jambo la pili ni mkataba. Tulijadili bei ya ndege kwa miezi, fidia ya kuchelewa kwa alasiri moja. Fidia tuliyokubali ilipimwa kwa bei ya ndege mpya. Ilipaswa kupimwa pia kwa gharama ya kuendelea kukodi ile ya zamani, kwa sababu hiyo ndiyo hasara halisi iliyotuuma.

Kilichofanya kazi kilifanya kazi kwa sababu ya watu walioitwa mapema. Mama wa usafi alituepusha na kiti kibovu kwa dakika mbili. Kijana wa stoo alitupa kiti kimoja kwa ndege za kale na mpya, na leo meza ileile hutoka kabati moja kwenda kwenye ndege 18. Kwenye dari hatukumwita mtu wa umeme wakati wa kuchora, tukalipa siku saba. Kwenye madirisha hatukumwita mtu wa mfumo wa tiketi. Kwenye vifuniko hatukumwita mhandisi wa kabini mpaka mzigo ulipofika. Ukipanga makosa yetu yote kwa mstari, katika kila moja kuna mtu aliyekuwa na jibu, akiwa kwenye jengo lilelile.

Sasa kuna jedwali moja. Kila ndege ina mstari wake, wa kukodi na wa kumiliki, na tarehe tatu badala ya moja: ya mkataba, ya kuchelewa miezi sita, na ya kuchelewa miezi kumi na minane. Pembeni mwa kila tarehe imeandikwa hali ya mito, meza na mazulia siku hiyo. Kamati zote mbili hulisaini, na msimamizi wa usafi husaini kwanza.